Mama Chekechea na Ruzuku Iliyomfuata Mtoto

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mratibu wetu wa Elimu ya Awali anastaafu tarehe 30 Juni. Cheo chake kirefu kimeandikwa mlangoni, lakini hakuna anayekitumia. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Mama Chekechea, naye huitika.

Alianza akiwa mwalimu wa chekechea ya umma, katika chumba chenye mikeka michache na dirisha lililogoma kufungika. Alijaliwa sauti ya kutuliza darasa zima bila kuipandisha. Alihamia nayo makao makuu ya halmashauri ya mji, na tumewashuhudia wakuu wa idara wakinyamaza ghafla wasijue kilichowanyamazisha.

Alipoingia kitengo cha ruzuku, fedha za serikali zilikwenda kwa chekechea za umma peke yake. Za binafsi zilitegemea karo, na za vikundi vya kujitolea ziliishi kwa kudra. Mama Chekechea alizitembelea zote kwa miguu, akirudi ofisini na vumbi viatuni na rangi za maji kwenye mikono ya gauni. Alichokiona kilimkosesha raha: nafasi za umma zilijaa mapema, na mtoto aliyekosa hakuwa na kosa ila kuzaliwa mtaa usio na shule.

Maji yalifika shingoni pale akina mama waliolea watoto wa wachuuzi kwa kujitolea, katika ukumbi wa nyuma ya soko, walipotangaza kufunga. Kodi ya ukumbi ilikuwa imewashinda, na kamati ya fedha ilishakataa ombi lao mara mbili. Mama Chekechea akaomba kikao cha mwisho cha kamati kifanyike humo humo ukumbini, asubuhi, watoto wakiwepo.

Wajumbe walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Binti mmoja alimshika tai mwenyekiti wa kamati, mzee wa suti na maneno mazito, akamwuliza, "Babu, na wewe mama yako yuko sokoni?" Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alijibu taratibu kwamba ndiyo, mama yake aliuza sokoni, naye alikulia chini ya meza ya biashara kwa sababu hapakuwa na pa kumwacha. Kabla ya adhuhuri kamati ilikubali hoja ambayo Mama Chekechea alikuwa ameirudia hadi ikatuchosha: ruzuku imfuate mtoto popote anaposoma, iwe umma, binafsi au kwa kujitolea, mradi pawe salama.

Hilo la "mradi" lilimgharimu. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa na chekechea ya binafsi yenye tembo wa kupendeza ukutani, akaomba ruzuku akiwa na uhakika wa kuipata. Mama Chekechea alikagua, akakuta mwalimu mmoja amezidiwa na watoto, na vyoo vya watu wazima. Akamnyima. "Shemeji, nyumbani karibu chai," alimwambia. "Hapa niletee mwalimu wa pili." Shemeji alisusa miezi mingi, dada mtu akabaki katikati, anavutwa huku na huku. Kisha siku moja shemeji alipiga simu: njoo uone. Leo tunawapeleka walimu wapya wakajifunze kwake. Yeye hudai mageuzi yale yalikuwa wazo lake, na Mama Chekechea hajawahi kumbishia.

Semina zake hazikusinzisha mtu. Ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi aliipinga kila mwaka: mtoto si samaki, alisema, mpeni nafasi ajinyooshe.

Katika kikao chake cha mwisho alitangaza kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakuna mtoto wa mji wetu aliyekosa nafasi ya chekechea. Kisha akaketi, akalia bila kujificha. Mhasibu wetu, mtu asiyejulikana kwa upole, alimpa leso yake na kumwambia abaki nayo.

Ahsante, Mama, kwa kutufundisha kwamba fedha ya umma ina sura ya mtoto. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, na wajukuu wasiochoka kukuchosha. Nenda kwa amani. Kila asubuhi katika mji huu milango inafunguliwa, na watoto wanaingia.