Mama Amira na Pascal Wake

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mama Amira Sleiman anastaafu, baada ya kuandika programu za kompyuta katika kituo chetu cha damu kwa miaka thelathini na mitatu.

Alianza mwaka 1992, akija kwa miguu kutoka mtaa wa Jabe. Programu ya akiba ya damu aliiandika kwa lugha ya Pascal, akaitetea lugha hiyo kiasi kwamba wafanyakazi wapya walidhani Pascal ni mumewe. Mume halisi, Mzee Amjad, alizoea kusalimiwa kwa jina hilo na hakumrekebisha mtu.

Mimi ninayeandika haya, Darius, nilikuja na lugha nyingine, Python. Niliipenda kwa sababu kazi ya kurasa tatu niliimaliza kwa nusu ukurasa. Yeye hakuiamini. Katika Pascal, kila fungu la maagizo hufunguliwa na kufungwa kwa neno. Katika Python, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoonyesha agizo ni la fungu lipi.

"Mi nataka mulango wenye kuonekana," alisema. "Nafasi tupu, mutu ataikamata namna gani?"

Nilicheka. Mwaka 2021 nilipewa kazi ya kuandika mfumo mpya, naye akaomba jambo moja tu: ule wa zamani uendelee kando yake kwa mwezi mmoja.

Siku ya sita, mfumo wangu ulisema mifuko arobaini na mmoja ya damu iko tayari kutoka. Wake ulisema thelathini na miwili. Gari la kwenda hospitali ya wazazi lilikuwa limeshapakiwa. Mama Amira alishuka ngazi mbio, akamsimamisha dereva, kisha akaketi nami, rula mkononi, tukasoma mstari kwa mstari. Agizo la ukaguzi nilikuwa nimelisogeza nafasi nne kulia, likaingia katika fungu lisilo lake. Mifuko tisa isiyo na majibu ya vipimo ilikuwa imepita bila kukaguliwa.

Mbele ya mkurugenzi alisema, "Tumekosea, na tumeshasahihisha." Hakunitaja.

Wiki iliyofuata alivuta kiti mezani kwangu. "Haya Darius, sasa unifunze iyo Python yako." Alikuwa na miaka hamsini na sita. Baada ya miezi michache alikiri kwamba ripoti huandikika upesi zaidi kwa Python, nami nikakiri kwamba upesi si kila kitu. Mfumo tunaoutumia leo tuliuandika pamoja.

Mama Amira, asante kwa kutusahihisha bila kutuaibisha. Mungu akulipe kheri, akupe afya na asubuhi zisizo na haraka, wewe na Mzee Amjad. Maisha yako mapya yawe mema.