Noa Ernesti Shehoza, Mlezi wa Ndama wa Pongwe

Marehemu Noa Ernesti Shehoza alizaliwa Mlalo, milimani Usambara, tarehe 14 Machi 1921. Alisoma shule ya misheni ya hapo hapo hadi darasa la nne, akapata kipaimara.

Mwaka 1940 aliteremka pwani kukata mkonge, kisha akapewa kazi ya kulea ndama katika shamba moja la Pongwe. Ndama akigoma kunywa ndooni, Noa alimpa vidole anyonye, akamshusha polepole hadi kwenye maziwa.

Tarehe 7 Oktoba 1950 alifunga ndoa na Beatrisi. Novemba 1952 walijaliwa binti, Bibiana. Wiki hazikupita nyingi, homa kali ikamshika mama. Akalazwa Tanga mjini, maziwa yake yakakauka. Mtoto akabaki na bibi yake mzaa mama, Mama Dorkasi, akitegemea maziwa ya ng'ombe wao mmoja, mwenye ndama mchanga.

Bibi aliona ndama anampunja mjukuu wake. Noa alipokuwa kazini, akazipaka chuchu za ng'ombe shubiri, kama anavyolikizwa mtoto ili aache ziwa. Jioni ndama akaonja, akatema, akakimbia. Ng'ombe wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama amnyonye kwanza. Noa akakamua, wapi! Kibuyu kitupu. Ndani mtoto alilia hadi sauti ikamkauka.

"Mama, umepaka nini?"

"Shubiri. Wanangu wote niliwalikiza hivyo, na wazima."

"Wanao walishaanza ugali, mama. Huyu ndama hata jani halijui."

Jirani yao Miraji, aliyekuja kumjulia hali mtoto, akachungulia zizini. "Bwana Noa, umeoa binti wa watu au umeoa ng'ombe? Mtoto anakufa, wewe unaosha kiwele!"

"Nikimkosa ndama, na mtoto nimemkosa," akajibu bila kugeuka.

Aliosha kwa maji ya moto na sabuni, akarudia. Ndama bado alikaza meno. Kilio cha ndani kikakatika. Noa akasita, akasikiliza, kikaanza tena, chembamba. Akachovya vidole katika maji ya chumvi, akamnyonyesha ndama, akavisogeza hadi kwenye chuchu, akavichomoa taratibu. Ndama akaendelea kunyonya. Ng'ombe akamlamba mgongo, kiwele kikajaa. Noa akamvuta ndama kando, akakamua chuchu tatu. Ya nne akamwachia mwenyewe.

Mama Dorkasi alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akaingia ndani kumnywesha mtoto. Kesho yake yeye ndiye aliyemshika ndama kamba, na hakuna aliyemlikiza mpaka alipoanza kucheua.

Beatrisi alipona. Mei mwaka huu Noa akashikwa na kichomi. Alipelekwa hospitali, akapigana nacho wiki mbili, akafariki alfajiri ya tarehe 6 Juni 1959.

Ameacha mjane, Beatrisi. Mama mkwe, Dorkasi. Na Bibiana, mwenye miaka sita, aliyetembea kwa miguu yake hadi hapa kaburini.

Bwana ampokee mtumishi wake, ampumzishe kwa amani. Amina.