Chinsaga ya Mama Neema

Baridi ya mwezi wa saba hapa Susuni haina adabu. Inakukuta kitandani, inakufuata chooni, na ikifika saa moja asubuhi imeshakaa kwenye benchi letu mbele ya mashine yangu ya kusaga kabla sisi wenyewe hatujafika. Ndiyo maana kahawa ya Jairo haikosi wateja. Jairo ni Mjaluo wa Shirati, mtu wa maneno machache na birika kubwa. Pembeni yake hukaa Magige, tunayemwita Hali ya Hewa kwa sababu ana redio na hakuna wingu linalopita hapa bila yeye kulisemea. Halafu kuna Tonny Mpakani, anayeleta mitumba kutoka Sirari. Alhamisi ile akatukuta mzee Hezekia, amevaa makoti mawili na ameshika bakuli lenye mfuniko. Nilipomwona usoni nikajua leo hatutacheka sana.

Hezekia alizika mke wake mwezi wa tatu. Bhoke, yaani Mama Neema, alikuwa ameacha mbegu za chinsaga, ule mgagani wetu, zimefungwa kwenye kitambaa juu ya meko. Mzee akazipanda zote nyuma ya nyumba. Mvua zilipokata akawa anamwagilia kwa kopo asubuhi na jioni, na sisi tukawa tunapita makusudi kumtazama mwanaume wa Kikurya akipalilia mboga. Tulimcheka, sitaficha. Sasa naona aibu.

Hezekia: Onjeni.

Tukaonja. Hakuna aliyeharakisha kumeza.

Jairo: Ni chungu.

Hezekia: Hii ni mara ya tatu napika. Na Neema anakuja Jumamosi kutoka Migori na mtoto mchanga. Ameniambia kwenye simu, baba, usichinje kuku, mimi nataka chinsaga kama ya mama. Nikamwambia njoo, ipo. Sasa limebaki tuta moja tu la kuchuma. Mengine yameshatoa maua.

Magige: Kosa si lako. Ni hii baridi. Mmea ukipigwa na baridi unajikunja, uchungu unabaki ndani. Ungechuma saa sita, jua likiwa limeshaufungua.

Hezekia: Ile ya Jumatatu nilichuma saa sita.

Magige: Basi jua lenyewe lilikuwa la baridi.

Tonny: Baridi hii si ya hapa, mzee. Imetoka Kisii hii. Inavuka Sirari asubuhi pamoja na sisi, na hakuna askari ameiuliza kitambulisho. Wenzetu kule mboga zao ziko sawa kabisa, uchungu wote wametusukumia.

Jairo: Shida ni maziwa. Sisi akeyo, hiyohiyo chinsaga yenu, tunaipika na maziwa pia. Ng'ombe akinywa maji ya baridi, maziwa yake hayana nguvu.

Magige: Na ng'ombe wenyewe wanalishwa chini ya mnara wa simu. Ule mnara unavuta ukungu. Niambieni, kabla haujajengwa mliona ukungu hapa mpaka saa nne?

Mimi: Tuliuona mpaka saa tano.

Magige: Ndiyo hivyo. Ukungu ulikuwa unajua mnara unakuja.

Tukacheka. Hezekia hakucheka, alilishika bakuli lake kwa mikono miwili akalitazama.

Tonny: Ama bustani imegoma, mzee. Inamsubiri mwenyewe.

Hezekia: Hata mimi namsubiri.

Nikaona niulize jambo la maana angalau mara moja asubuhi ile.

Mimi: Hebu tuambie umepikaje.

Hezekia: Nimechambua, nimeosha, nimechemsha, nimemwaga maji ya kwanza. Nikatia maziwa, nikaiacha ilale kwenye sufuria. Kulala najua inalala, kwa sababu kila asubuhi Mama Neema alikuwa anaiwashia moto mdogo. Nilikuwa naona moshi.

Mimi: Inalala siku ngapi?

Hezekia: Hapo ndipo nimekwama. Sikuwahi kuuliza. Chakula kikija unanawa, unakula, unasema asante. Siku nyingine hata asante nilisahau.

Magige akasema siku tisa, kwa sababu upepo wa mwezi wa saba hubadilika kila baada ya siku tisa. Jairo akasema moja inatosha. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe, na kila mmoja alikuwa na uhakika kuliko mwenzake. Wote wamekula chinsaga tangu wakiwa watoto.

Wakati huo kulikuwa na mgeni amesimama karibu na birika akijipasha mikono. Anaitwa Faustine, mtu wa Bukoba, anachimba dhahabu Matongo. Bodaboda iliyokuwa inampeleka Sirari ilikuwa imepata pancha pale jirani.

Faustine: Shikamooni wazee. Samahani, nimesikia. Naomba kuonja.

Hezekia akampa kijiko. Faustine akaonja, akatafuna polepole, akarudisha kijiko kwa heshima.

Faustine: Mama mwenyewe alikuwa anaila siku ya ngapi? Mpishi anajua chakula chake kimekuwa tayari lini. Siku anayojipakulia yeye, ndiyo hiyo.

Sote tukamgeukia Hezekia.

Hezekia: Sijui. Sikuwahi kumwona akila.

Faustine akatabasamu, akidhani ni utani.

Faustine: Miaka yote hiyo, mzee?

Hezekia: Thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa nakula uani na wanangu wa kiume. Yeye yuko jikoni na Neema. Kwetu mwanaume haingii huko. Nilikuwa nasikia tu sufuria inakwanguliwa.

Tonny: Basi mpigie Neema. Si alikuwa humo ndani naye?

Hezekia: Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimeishi na mama yake miaka thelathini na mmoja, na sijui alikuwa anakula nini?

Mashine ilikuwa haijawashwa, kwa hiyo hata kelele ya kujifichia hatukuwa nayo. Mimi, Magige, Jairo na Tonny wote tuna wake nyumbani, wazima. Nilijaribu kukumbuka wa kwangu alikula nini jana, nikashindwa.