Jumapili za Valérie Nabintu

Ndugu waombolezaji, dada yetu Valérie Nabintu alituaga siku ya Jumapili, tarehe 10 Novemba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika hospitali moja hapa Birmingham, na saa hiyo niliitazama mwenyewe kwenye ukuta wa wodi, nikailinganisha na saa yangu ya mkononi, ambayo hukimbia dakika mbili, nikaziondoa. Nimeanza na saa kwa sababu mengine yamesemwa, nami nitayarudia kabla sijaketi.

Marehemu alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, Jumapili ya tarehe 14 Machi 1971, akiwa kitinda mimba katika watoto watano, na mimi Athanase, ninayewasomea, nikiwa wa kwanza. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Walungu tangu 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari Bukavu, akamaliza mwaka 1989 na diploma ya ualimu, akafundisha darasa la pili mjini humo, na ndipo alipoanza kuimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Aganze, fundi wa mitambo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marlène, aliyezaliwa Bukavu tarehe 2 Mei 1995, na Élie, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 2004 katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma, ambako vita vilitupeleka na tukakaa miaka kumi na mitatu, yeye akifundisha chini ya turubai.

Tulifika Birmingham tarehe 3 Februari 2010, tukapangiwa nyumba Kingstanding, na Valérie akaajiriwa katika jiko la shule moja ya Erdington, akawa kiongozi wa kwaya yetu ya akina mama, na mlango wake haukufungwa, kwa maana aliyepita njiani aliingia, na aliyeingia alikula.

Mwaka 2016 shemeji na dada walitaka nyumba yao wenyewe, na shule yenye utulivu kwa Élie, wakaipata katika kijiji cha Barnley Heath, dakika arobaini kwa treni kutoka mjini, kijiji ambacho watu wake hurudi kulala tu na mchana wote wako kazini, nyumba ya vyumba vinne, viwili kati ya hivyo dada alivihesabu tangu siku ya kwanza kuwa vya wageni. Tulikwenda kuitazama mara mbili, Jumamosi ya tarehe 11 Juni na Jumatano iliyofuata, na hatukwenda Jumapili, kwa sababu Jumapili sisi tuko kanisani. Funguo walizipokea tarehe 30 Septemba, na siku ya kubariki nyumba, Mama Jeanne, mliyemsikia akiimba leo, alimwambia mbele yetu sote, "Valérie, weye sasa ni madame wa kule kwenye majani, siye tutakuona kwa picha tu," naye akamjibu, "Jumapili nitakuwa mbele yako, Jeanne, na hiyo sauti yako ya mbuzi," tukacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Jumapili iliyofuata alivaa kitenge cha kwaya, akaenda stesheni, na treni ikapita bila kusimama, na ya pili ikapita, ndipo mtu aliyekuwa akitembeza mbwa akamweleza kwamba siku za Jumapili treni hazisimami pale, wala basi hakuna. Gari lilikuwa moja, na shemeji kazini alipangiwa zamu za Jumamosi na Jumapili, dada akajaribu mtihani wa udereva mara tatu asifaulu, ndugu wa kanisa wakamfuata kwa magari yao miezi michache, kisha wakachoka, na kuuza hawakuweza, kwa kuwa mkataba wa mkopo wa nyumba uliwafunga miaka mitano.

Kwa miaka mitatu alipika sombe, majani yetu ya muhogo, ya watu kumi kila Jumapili, wakala watatu. Jirani yake, Bibi Margaret, alimpungia mkono kila siku juu ya ua, asivuke kizingiti hata mara moja, na hatumlaumu, maana huko mtu haingii kwa mtu bila kualikwa, na Valérie naye alikuwa akingoja aje bila kualikwa. Élie ndiye aliyeniambia kwamba mama yake aliendelea kuvaa kitenge kila Jumapili na kwenda kusimama stesheni mpaka treni ya saa tatu ipite.

Tarehe 19 Juni 2019 madaktari waligundua saratani ya ini, na Ijumaa ya tarehe 8 Novemba aliletwa mjini kulazwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunamshukuru Mama Surinder na wenzake wa jiko la shule waliofika jioni zote mbili, na tunamshukuru Bibi Margaret, aliyekuja hospitalini bila kualikwa, akakaa saa nzima.

Sasa nayarudia yaliyosemwa. Imesemwa kwamba alikufa Jumamosi, peke yake, kule kijijini, na imesemwa kwamba nyumba ilimpa majivuno akaiacha kwaya, na wengine wamemlaumu shemeji. Siku ile ya kwanza ya kutazama nyumba, ratiba ya stesheni niliisoma mimi, niliyejifunza kusoma mwenyewe ukubwani kwa madaftari ya Marlène, nikaisoma kwa sauti ili wanisikie, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi, nikawaambia treni ziko kila saa, na karatasi ya Jumapili ilibandikwa upande wa pili wa ubao, nami sikuzunguka. Valérie alilijua hilo miaka mitatu, hakulitaja kwangu wala kwa mumewe.

Hakufa Jumamosi, na hakuwa peke yake. Asubuhi ile Marlène alimfunga kitambaa cha kwaya kichwani, Mama Jeanne na wenzake wanne wakaja kabla ya ibada, wakaimba polepole, na kwenye ubeti wa pili akafumbua macho, akasema, "Jeanne, umepanda juu mno, shuka," Jeanne akashuka, na katika ubeti huo akaondoka. Ilikuwa Jumapili, dada, nawe ulikuwa mjini na kwaya yako, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.