Springi Zilizopakwa Rangi ya Geti

Kabla ya alfajiri nilisikia mfuniko wa sufuria. Mkwe wangu alikuwa akinichemshia viazi vya safari. Ndani ya basi la Geita nililopanda, kijana aitwaye Masalu alikuwa amepakata springi mbili za Landrova ya marehemu baba yake, zikimeta kwa rangi nyeusi.

"Hii ni rangi ya geti," alisema Mzee Ahmad, fundi aliyeketi pembeni yake. "Kutu uliikwangua?"

"Nimeifunika. Mama anataka kulipanda gari Jumapili."

Mzee alipitisha ukucha, rangi ikabanduka.

"Unaniharibia, mzee!"

"Mawe ya barabara ya Nyarugusu yangeibandua tu. Kutu inakula ndani kwa ndani, springi itakatika mama yako akiwemo garini."

Masalu alinuna, ila vumbi lilipoingia alimfungia mzee dirisha. Basi liliposimama, alishuka na springi zake.

Mzee akalifungua dirisha. "Njoo gereji kwangu Ngokolo, mwanangu. Njoo kabla ya Jumapili!"