Kisanduku Katikati ya Jina

Benchi lililo ndani ya mlango wa duka la ushirika, pale Uqsuqtuuq, kijiji cha barafu kaskazini ya mbali, lina wenyewe. Katikati hukaa Mwalimu Ullulaq, tangu alipostaafu. Kushoto ni shemeji yake, Redio, ambaye habari haimpiti. Kulia ni Kofia Mbili, anayevaa kofia juu ya kofia hata mwezi wa saba, kiangazi chao. Asubuhi hiyo Redio alikuja kanuna, simu mkononi.

— Shemeji, mjukuu wako kajifungua salama huko Yellowknife. Mtoto wa kike. Katuma jina, lakini katikati limeingia kisanduku.

— Baridi hiyo, alisema Kofia Mbili. Herufi imeganda njiani. Iweke kwapani.

— Nimeiweka tangu nyumbani. Hii ni setilaiti. Huku kwetu inapita chini mno, herufi zenye mikia zinanasa kwenye vilima.

— Basi kuna mashine huko kusini inazila. Ikishiba inatema maboksi.

Ullulaq alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Nyie wazee. Ndani ya kompyuta hamna herufi, kuna namba tu. Kila herufi duniani ina namba yake. Maandishi ya silabi ya wenzetu wengine yalipewa namba zamani. Herufi ya ile sauti yetu ya kukunja ulimi, shr, ilisahaulika, na kisicho na namba hakiandikiki.

— Sasa hiki kisanduku?

— Siku hizi imepewa namba. Simu yako inaiona namba, ila haina mchoro wake. Simu yako mzee mwenzako.

Alisema hivyo kwa utani, lakini mkono wake ulishaingia mfukoni. Majira ya baridi yaliyopita walimzika dada yake mkubwa, Kushraaq. Kwa kukosa herufi ile, karatasi za ibada zilichapwa Kuhaaq, jina la mtu asiyemjua. Watu wakiimba, yeye alikuwa kiti cha nyuma na kalamu, anasahihisha moja baada ya nyingine, kama alivyosahihisha vitabu vya shule maisha yake yote. Hazikuisha. Nyingine zilienda makaburini vilevile.

Alitoa simu yake mfukoni, akaufungua ujumbe.

Kushraaq. Herufi ile imekaa na wenzake, nyeusi, imetulia, hakuna aliyeichomeka kwa kalamu. Aliipitishia kidole gumba, kisha akampa Redio, naye akasoma kwa sauti, polepole. Kofia Mbili alivua kofia moja.

— Karudi, alisema Redio, maana kwao mtoto akipewa jina la marehemu, ni marehemu mwenyewe amerudi.

— Karudi, alisema Ullulaq. Na safari hii kaandikwa sawasawa.

Muuguzi mpya kutoka kusini, aliyekuwa amesimama hapo na kikombe kitupu, akawatazama mmoja mmoja.

— Kuna mgeni kaja, mama?

— Dada yangu mkubwa. Nampokea uwanja wa ndege Ijumaa.

— Hongera. Ana umri gani?

Kofia Mbili akamtazama Ullulaq. Ullulaq akahesabu kwa vidole, akafika mahali akaacha, akasogea kumpa muuguzi nafasi kwenye benchi.

— Kaa kwanza, mwanangu, alisema. Hilo hata sisi itabidi tusaidiane kuhesabu.