Kinyama cha Fundi Cheche

Kijiwe chetu ni benchi la chuma kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya Fundi Cheche, mchomeleaji, aliyeliunga kwa mikono yake. Hapa tunatibu kila ugonjwa na mpaka leo hajapona mtu. Leo mgonjwa ni Cheche mwenyewe. Tezi dume yake inavimba, inatulia kwa vidonge, inavimba tena, mwaka wa tatu huu. Sasa daktari anataka kukata kinyama kidogo akipime saratani. Miadi ni saa nne. Saa tatu imeshapita, na Cheche anaagiza kahawa nyingine.

— Kwani daktari kasemaje hasa? akauliza Wembe, kinyozi wetu, huku akimnyoa mteja mlangoni.

— Kasema mwili ukiwaka moto palepale miaka nenda miaka rudi, saratani inaweza kupata njia. Si lazima. Mpaka wakate waone.

— Si lazima! akadakia Profesa, ambaye usomi wake wote ni kuendesha lori la vitabu. Haraka haraka haina baraka! Meza vidonge, moto uzimike. Saratani itaota wapi?

— Si anavimeza miaka mitatu? nikamuuliza.

— Kwa maji! Avimeze kwa kahawa.

— Mie ningekwenda, akasema Wembe, ila kile kidole cha daktari…

— Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana! akasema Profesa.

— Kwani chawa wako wanakaa huko? Wembe akamuuliza.

Tulicheka mpaka sikio la mteja likaponea chupuchupu kukatwa na mkasi.

— Sikilizeni, Profesa akapandisha sauti. Chanzo ni hili benchi. Linapigwa jua, linatuchemsha kwa chini. Sote hapa tumeshaiva!

— Benchi langu usilitukane, akasema Cheche.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja tusiyemjua, ameshika bawaba ya geti. Akamkabidhi Cheche.

— Niungie hii, fundi. Imepasuka tena.

Cheche akaigeuzageuza, akakunja uso.

— Mama, hapa pameshaungwa sana. Chuma ukikichoma palepale kila mara, kinachoka. Nikiunga juu na kupaka rangi, nitakuwa nakudanganya. Lazima nikate nione ndani pakoje.

— Kata. Ila nimewasikia hapa mkizungumza. Changu unataka kukikata uone ndani. Chako mbona hutaki kikatwe?

Nikakiweka chini kikombe changu. Tulikuwa tumempotezea mwenzetu muda asubuhi nzima.

— Naogopa, mama, akasema Cheche taratibu. Naogopa wataikuta hiyo saratani.

Wembe akaweka mkasi chini, akajifuta nywele mikononi.

— Inuka, ndugu yangu. Tunakwenda wote.

— Na mimi je? akalia mteja, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

— Nywele zako zitangoja, Wembe akamjibu, naye keshamshika Cheche mkono.